Mitungi ya mama na swali la "mawazo unayatoa wapi?"

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinibana. Leo nina hadithi ndefu, kwa hivyo weka chai kando kwanza.

Vijana wanaosomea kompyuta huniuliza swali hili kila mara: "Kaka, kuandika programu tayari najua. Shida ni kwamba sina wazo. Wewe mawazo unayatoa wapi?"

Zamani ningejibu kwa maneno makubwa ya vitabuni. Siku hizi jibu langu linaanza na deni: shilingi 40,000 za mama yangu.

Programu ambayo hakuna aliyeiomba

Nimezaliwa na kulelewa Soweto West, Kibera, jirani na Kianda na Gatwekera. Mama yangu anauza maji. Ana tangi moja jeusi la plastiki lililokaa juu ya mawe, mfereji mmoja, na daftari la madeni. Maji yakiwa mengi, mtungi wa lita 20 ni shilingi 5. Yakikatika siku mbili tatu, bei inapanda, na maneno ya watu yanapanda pamoja nayo.

Nilipomaliza digrii ya sayansi ya kompyuta, nilirudi nyumbani na wazo ambalo niliamini litanifanya tajiri. Programu ya simu yenye ramani. Kila muuza maji ana alama ya bluu. Ukibonyeza, unaona bei na kama maji yapo. Basi! Wazo lilinijia saa nane usiku mbele ya laptop, na nililala nikitabasamu kama mtu aliyevumbua moto.

Wiki ile ile zamu ya mama kwenye chama chao ilikuwa imefika. Pesa alizopewa zilikuwa za kununua tangi la pili. Nikamweleza mpango wangu kwa saa nzima, nikimchorea mishale kwenye karatasi. Hakuelewa yote, lakini alifungua leso, akahesabu. "Wewe ndiye umesoma," akasema.

Pesa zikaenda kwa seva, jina la tovuti, simu mbili za kufanyia majaribio, na bando. Miezi minne niliandika msimbo. Nikapeleka wazo langu kwenye shindano moja la mawazo ya biashara. Ukurasa wa kwanza wa maelezo yangu ulisema kwamba Kibera ina watu milioni moja, yaani wateja milioni moja wananisubiri! Namba hiyo niliitoa kwenye intaneti, na huko imerudiwa mara nyingi sana. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu 170,070 Kibera. Mimi mzaliwa wa pale niliamini tovuti za watu walio mbali kuliko macho yangu mwenyewe. Weka jambo hilo akilini, tutalirudia.

Waliopakua programu walikuwa 61, wengi wao tuliosoma pamoja. Baada ya mwezi mmoja, wauza maji waliokuwa wakibadilisha bei zao kwenye ramani walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mama yangu. Na aliyekuwa akimbadilishia bei ni mimi.

Jioni moja nikaanza kulalamika kwamba watu wa mtaa hawapendi teknolojia. Mama alikuwa akiosha ndoo. Hata hakuinua kichwa.

"Kwani wewe unafikiria hatujui maji iko wapi? Mtu wa Soweto anajua maji iko wapi hata akiwa amelala. Shida ni foleni, baba."

Shida ni foleni. Miezi minne, shilingi 40,000, na sikuwa nimemuuliza hata mara moja. Msimu ule wa kiangazi tangi lake moja lilikuwa linakauka kabla ya saa sita mchana, na wateja walikuwa wakienda kwa jirani mwenye matangi mawili. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Siku niliyokaa juu ya mtungi

Jumamosi iliyofuata niliacha laptop nyumbani. Nikageuza mtungi, nikauketia pembeni mwa mfereji, nikakaa kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi jioni. Nilikuwa na daftari na kalamu tu.

Jambo la kwanza niliona kitu ambacho nimekiona maisha yangu yote bila kukitazama. Mitungi ndiyo iliyokuwa kwenye foleni. Watu hawakuwepo! Mitungi ya njano ishirini na kitu imepangwa mstari mmoja, na kila mmoja una alama yake: huu umefungwa kitambaa chekundu, ule umechomwa herufi kwa msumari wa moto, mwingine umezibwa kwa gunzi la mahindi. Mwenyewe ameenda kuchoma mandazi, kupeleka mtoto shule, au kusuka nywele. Mtungi unamshikia nafasi yake.

Wenzangu wa kompyuta mmeshaelewa. Wa kwanza kuingia, wa kwanza kutoka. Chuoni tulifundishwa hilo kwa michoro na mitihani. Nje ya mlango wetu lilikuwa linafanya kazi tangu nikiwa mtoto wa chekechea.

Jambo la pili lilinimaliza kabisa. Maji yalipofika, mama alishika simu yake ya mulika mwizi akaanza kuflashi watu. (Ndugu wa Tanzania, ninyi mnasema kubipu.) Flashi moja maana yake maji yamefika, lete mtungi. Flashi mbili maana yake mtungi wako unakaribia mfereji, njoo. Hakuna anayepokea, na hakuna anayelipa hata senti. Nilikuwa nimesoma muhula mzima jinsi kompyuta zinavyokubaliana namna ya kuongea kwenye mtandao, na sikujua kwamba mama yangu ana mkataba wake wa mawasiliano, hauna gharama, na mtaa mzima unaufuata.

Jambo la tatu ndilo lilikuwa shida yenyewe. Mikono ya mama huwa imelowa. Mteja mmoja analipa, mwingine anakopa, wa tatu anagomba. Katikati ya hayo anasahau kuflashi. Mwenye mtungi haji, mtungi wake unarukwa, na akija baadaye ugomvi unaanza. Nilihesabu ugomvi tisa siku hiyo. Nikaandika kwenye daftari: "Ugomvi 9. Mikono mibichi. Nani anafuata?"

Maneno hayo machache yalikuwa na thamani kuliko kurasa zote nilizopeleka kwenye shindano.

M-Pesa nayo ilibadilishwa na watumiaji

Baadaye nikagundua kwamba hata programu kubwa kuliko zote Kenya ilipita njia hiyo. Wengi wanadhani mtu fulani aliamka asubuhi akasema "tutume pesa kwa simu". La hasha. Majaribio ya M-Pesa yalianza mwaka 2005, Nairobi na Thika, na lengo lilikuwa dogo: kuwawezesha watu waliokopa kutoka shirika la mikopo midogo walipe mikopo yao kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, pamoja na Safaricom, walikuwa wamejenga kitu cha kulipia mikopo.

Lakini watu waliopewa simu za majaribio hawakusoma mpango wa mradi! Walianza kulipiana. Wenye maduka walitumia simu kuhifadhi mauzo ya siku hadi kesho yake. Wengine waliweka pesa kabla ya safari na kuzitoa walipofika, ili wasiibiwe njiani. Waliosimamia majaribio wangeweza kusema "watumiaji wanakosea." Badala yake waliandika walichokiona. M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, habari za mikopo zilikuwa zimewekwa kando, na ujumbe ulikuwa mmoja: tuma pesa nyumbani.

Fikra yangu, kwa ufupi, ni hii: wazo zuri mara nyingi limeshaanza kutekelezwa na mtu asiye na jina la kuliita. Utalikuta pale watu wanapofanya kitu kwa njia ya mkato, kwa kamba, kwa gunzi, kwa flashi mbili. Kazi yako ni kulitazama mpaka ulione. Na kutazama kunafundishika kama kuandika msimbo kunavyofundishika. Haya hapa mazoezi ninayofanya mwenyewe.

Mazoezi matano

1. *Daftari la mbinu za watu.* Usiandike "mawazo ya biashara". Andika mbinu ulizoziona. Kila siku mbinu moja: kondakta anayekunja noti kati ya vidole kwa kupanga thamani; muuza mboga anayekata sukuma wiki kabla mteja hajafika, kwa sababu anajua mteja anatoka kazini amechoka. Kando ya kila mbinu andika swali moja: inaziba shida gani? Baada ya mwezi utakuwa na shida thelathini za kweli. Hutauliza tena mawazo yako wapi.

2. *Zoezi la mtungi.* Mwaka 1950 mwanasaikolojia J. P. Guilford, akiwa rais wa chama cha wanasaikolojia cha Marekani, alitumia hotuba yake kuwalaumu wenzake kwa kutochunguza ubunifu. Baadaye alitumia majaribio ambayo mtu hupewa kitu cha kawaida, kama tofali, na kuulizwa kinaweza kufanya kazi gani nyingine. Mimi hutumia mtungi. Weka dakika tano, andika matumizi yake. Kumi ya kwanza ni rahisi: kubeba maji, kiti, ngoma. Kisha kichwa kinakauka. USIACHE HAPO. Ya kumi na tano kwenda mbele ndiyo yenye ladha. Mtungi kama kalenda: mingapi imetumika wiki hii? Mtungi kama dhamana ya deni. Mtungi kama mtu aliye kwenye foleni! Hilo la mwisho sikulibuni mimi, lakini kama ningefanya zoezi hili mapema ningelifikia kabla ya kumaliza pesa za mama.

3. *Mabaya mengi kwanza, na peke yako.* Wengi mmewahi kuketi kwenye kikao cha kurusha mawazo. Aliyekieneza ni Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara huko Marekani, kwa kitabu chake cha mwaka 1953. Kanuni zake ni nzuri: usikosoe mapema, tafuta wingi, karibisha mawazo ya ajabu, unganisha ya wenzako. Lakini mwaka 1958 watafiti wa chuo kikuu cha Yale walilinganisha vikundi vya watu wanne na watu wanne wanaofikiri kila mmoja peke yake. Waliofikiri peke yao, orodha zao zilipojumlishwa, walitoa mawazo mengi zaidi. Kwenye kikundi kuna bosi, kuna aibu, kuna yule anayeongea bila kupumua. Kwa hivyo kila mtu aandike kwanza, ndipo mkutane.

Na akili unde je? Nimejaribu. Nilieleza kwamba nataka kusaidia wauza maji wa mtaa wa mabanda Nairobi, nikaomba mawazo ishirini. Wazo la kwanza lilikuwa ramani yenye alama za wauza maji. Hahaha! Lile lile lililonifilisi. Haina kosa: inajua yaliyoandikwa, na gunzi la mahindi la jirani yetu hakuna aliyeliandika. Itumie upanue ulichokiona, lakini kutazama uende mwenyewe.

4. *Unganisha viwili vilivyopo.* Januari 2008 Kenya ilikuwa inawaka baada ya uchaguzi. Nilikuwa mtoto, nakumbuka moshi na mama akituzuia kutoka nje. Siku hizo Ory Okolloh aliandika kwamba inahitajika ramani ya kuonyesha ghasia zinatokea wapi. Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia wakawa miongoni mwa walioitikia, na tovuti ya Ushahidi ikasimama ndani ya siku chache. Ramani za mtandaoni zilikuwepo. Ujumbe mfupi wa simu ulikuwepo. Kipya kilikuwa kuviweka pamoja. Mwaka uliofuata, 2009, Kibera yenyewe ilikuwa karibu tupu kwenye ramani za mtandaoni, eti hakuna kitu! Vijana 13 wa mtaani wakatembea vichochoro na vifaa vya GPS, wakaichora kwenye OpenStreetMap. Ndio mradi wa Map Kibera. Kisha wakaunganisha ramani yao na programu ya Ushahidi ili wakazi waripoti habari zao wenyewe. Kila hatua iliazima kutoka hatua iliyopita.

5. *Jaribu kwa karatasi.* Kabla ya msimbo, igiza programu kwa mikono yako. Hili ndilo lililoniokoa, nami nalieleza hapa chini.

Nilichotengeneza mwishowe

Jumamosi ya pili nilirudi pale mferejini, sasa nikiwa mimi ndio "programu". Nilikata vipande vya katoni nikaandika namba, kila mtungi nikauwekea kipande, na kwenye daftari nikaandika namba na simu ya mwenyewe. Mama aliita, "Inayofuata!" nami nikaflashi. Siku hiyo ugomvi ulikuwa mmoja, na ule ulihusu mambo ya mapenzi, si maji.

Ndipo nikafungua laptop. Jioni tatu tu. Programu inakaa kwenye simu moja ya zamani ya Android iliyopasuka kioo, imefungwa ndani ya mfuko unaopitisha mwanga ili isilowe. Ina orodha, na kitufe kimoja kikubwa ambacho mama anaweza kukibonyeza kwa kiwiko. Akibonyeza, simu inampigia anayefuata, inakata, inapiga tena, inakata. Flashi mbili. Mteja hahitaji kupakua chochote, wala kuwa na bando, wala kuwa na simu ya kisasa. Anachohitaji anakijua tayari.

Kwa wenzangu wa ufundi: sehemu ngumu ilikuwa kukata simu. Njia rasmi ya programu ya kawaida kukata simu ilikuja na Android 9, mwaka 2018, kwa hivyo simu za zamani zaidi ya hapo zilinikataa. Pia ukikata mapema, simu ya mteja hailii kabisa. Ukichelewa, asiyejua desturi anapokea na salio linaliwa. Nilipima kwa saa ya mkononi mpaka nikapata sekunde zinazofaa.

Nilijivuna, nikapanda matatu ya 46 hadi Kawangware kuwaonyesha wauza maji wa huko. Kijana mmoja akanisikiliza kwa adabu, mikono yake ikiwa bado kwenye mkokoteni wenye mitungi. "Boss, hii ni poa," akasema. "Lakini mimi sina foleni. Mimi ndio naenda kwa mteja." Kweli! Pale maji humfuata mtu mlangoni. Shida yake ilikuwa kujua nyumba ipi imeishiwa, asisukume mzigo bure. Hilo ni swali jingine kabisa. Nikafungua daftari, ukurasa mpya.

Nisikudanganye: kitu hiki hakijawa biashara. Kinatumika kwa mama na kwa majirani wake wawili, na kiangazi kilichopita simu ilipata joto ikazimika siku mbili, tukarudi kwenye katoni. Ninakula kwa mshahara wa kazi yangu ya kila siku. Kutoka kwenye mshahara huo nimemrudishia mama 28,000 hadi sasa. Tangi la pili lilikuja Desemba. Alilichagua mwenyewe, na hakuniomba ushauri.

Wiki iliyopita aliniita. "Baba, hiyo simu yako. Inaweza kuflashi mara tatu?"

"Inaweza, mama. Tatu ni ya nini?"

"Ya mtu mwenye deni."

Nimeiongeza. Inafanya kazi vizuri mno, watu wanalipa kwa aibu tu! Na wazo hilo, tafadhali zingatia, halikutoka kwa mtu mwenye digrii.

Basi, kijana uliyeniuliza mawazo nayatoa wapi: Jumamosi hii tafuta mahali watu wanasubiri kitu. Mfereji, kituo cha matatu, kinyozi, zahanati. Acha laptop nyumbani. Kaa saa nne, andika, usipendekeze lolote. Jumapili soma ulichoandika. Kama umeona kitu cha ajabu, nitafurahi kukisikia.

Haya, mama ananiita, maji yamefika. Tuonane tena karibuni!